Dhamana ya Mgeni: Chumba cha Tukuyu, Ukumbi wa Ng'ambo na Karatasi za Berlin

Ukishuka kwenye basi Tukuyu na kuuliza chumba cha kupanga, huenda ukaambiwa kipo Msasani, au kipo Bagamoyo. Usidhani unataniwa. Ni kata za mji huu, sambamba na Makandana, Bulyaga, Kawetele na Ibighi. Majina ya pwani yamepanda mlima na kukaa kwenye udongo wa volkano, penye baridi na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Wanaoulizia vyumba katika kata hizo wengi wameletwa na kazi au masomo: muuguzi aliyepangiwa hospitali ya wilaya, mwalimu mpya, mwanachuo wa ualimu, mnunuzi wa parachichi au chai. Kila mmoja wao hupimwa kwa swali ambalo mwenye nyumba halitamki waziwazi: nitakuaminije?

Hakuna jamii iliyowahi kumpokea mgeni bila kumtaka dhamana. Jamii zinatofautiana katika kitu kinachokubaliwa kuwa dhamana, na katika nani anabanwa nacho. Kwa kipimo hicho naona Tukuyu ya leo imefanya biashara mbaya. Imeiacha dhamana ya wazee wake, imechukua ya miji mikubwa, na katika kuichukua imesahau nusu yake.

Tuanze na wazee. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Tukuyu na Rungwe, kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta utaratibu ambao wanaanthropolojia wameutaja tangu siku hizo: vijiji vya rika. Mvulana wa miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake, akaenda na wenzake kujenga vibanda vyao kando. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, ila kwa kundi, leo kwa mama huyu na kesho kwa yule. Walipooa walileta wake pale pale, na vibanda vya wavulana vikageuka kijiji cha watu wazima. Kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji hivyo, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza kwa kirefu jinsi kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza na wenzako kulivyohesabiwa kuwa ndio uungwana wenyewe.

Katika utaratibu huo hapakuwa na mpangaji. Ardhi ya kijiji ilisimamiwa na mkuu wa kijiji. Mtu akihama aliacha kiwanja chake, na aliyekuja akikubalika aligawiwa. Na watu walihama kweli, tena mara nyingi, hasa kwa ugomvi na kwa hofu ya uchawi. Kwa hiyo mgeni hakuwa kioja. Alichodaiwa ni mwenendo: akichinja, majirani wale, akipika pombe, waitwe, pakiwa na msiba, aonekane. Asiyetimiza hayo hakupelekwa barazani kwanza. Iliaminika kwamba manung'uniko ya majirani yana ubaridi unaomwingia mkosaji mwilini mpaka akaugua. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya mkataba, na ilimbana hata mkuu wa kijiji, kwa kuwa naye aliishi ndani ya manung'uniko hayohayo.

Hata wageni wa mbali waliingia kwanza kwa mlango huo. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin waliofika nchi hii mwaka huohuo, walipewa mahali pa kukaa na machifu kabla ya yeyote kujua watageuka kuwa majirani wa namna gani. Miaka michache baadaye serikali ya Kijerumani ilihamisha makao yake kutoka Langenburg, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ikayapandisha huku juu na kuyaita Neu Langenburg. Ndiyo Tukuyu. Boma halikuomba kiwanja kwa mkuu wa kijiji.

Hata hivyo sitaki kuyapamba maisha ya zamani. Dhamana ya kijiji cha rika ilikuwa ya mwanamume. Mwanamke aliingia kijijini kwa mlango wa mumewe, na hakuwa na kiwanja kwa jina lake. Tena yaleyale manung'uniko yaliyomrudi mchoyo yangeweza kumwangukia mtu asiye na kosa, akaitwa mchawi, akafungasha. Muuguzi wa kike, mseja, anayetafuta chumba Tukuyu leo bado hukutana na masalia ya fikra hiyo pale anapoulizwa, kwa sauti ya upole kabisa: "Sasa mwanangu, utakaa na nani?" Mwenzake wa kiume huulizwa tu anafanya kazi wapi.

Pwani walilijibu swali la dhamana kwa ramani ya nyumba. Nyumba ya Kiswahili tunayoijua Kariakoo, Dar es Salaam, ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Mara nyingi mwenye nyumba hukaa chumba kimojawapo na kupangisha vinavyobaki. Hana haja ya kuuliza sifa zako kwa mtu mwingine. Atakuona asubuhi unapopiga mswaki uani na usiku unaporudi. Nawe utamwona. Mpangaji anajua mwenye nyumba anapochelewa kulipa deni dukani, anajua ugonjwa wake na wakwe zake. Ni ulinzi wa pande mbili, ingawa una kero zake: hakuna siri katika nyumba ya ukumbi, na foleni ya choo alfajiri imevunja urafiki mwingi.

Mfano wenye nguvu zaidi uko Zanzibar. Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, ilijaa watu waliotoka utumwani na wengine waliotoka bara, wageni watupu waliojenga nyumba za miti na udongo juu ya ardhi isiyo yao. Nyumba ilikuwa mali yako, kiwanja cha tajiri, na kila mwezi ulilipa kodi ya kiwanja. Wanawake wengi walikuwa wenye nyumba, jambo ambalo kijiji cha rika cha Rungwe kisingeliwaza. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo. Wasingeweza kugoma mmoja mmoja. Waliweza kwa sababu mabaraza, visima na vichochoro vyao vilikuwa vimeshawafanya kuwa watu wanaojuana. Wageni wale, baada ya miaka ya kuishi ukuta kwa ukuta, walifikia nguvu ya kumwambia mwenye ardhi hapana.

Berlin ni habari nyingine. Huko hakuna anayetaka kukuona unapiga mswaki. Mnyakyusa anayekwenda kusoma Ujerumani leo, kwenye nchi ya wamisionari walewale waliopewa mahali pa kukaa na machifu wa Rungwe, huombwa mkataba wa kazi au uthibitisho wa fedha, hati za mishahara, na taarifa ya Schufa inayoonyesha kwamba hana madeni mabaya. Mgeni hana Schufa kwa sababu hajawahi kudaiwa na mtu huko. Halafu akishapata nyumba, ndani ya wiki 2 lazima ajiandikishe kwenye ofisi ya manispaa, na ili aandikishwe anahitaji karatasi ya mwenye nyumba. Akifungua mlango anaweza kukuta jikoni hamna jiko wala kabati: mpangaji aliyetangulia ameondoka navyo, na sheria haioni ajabu.

Jina nalo hupimwa. Mwaka 2017 waandishi wa Bayerischer Rundfunk na Der Spiegel walituma maombi ya nyumba yapatayo 20,000 kwa majina ya watu wa kubuni, mengine ya Kijerumani na mengine ya kigeni. Wenye majina ya Kituruki na ya Kiarabu waliitwa kuangalia nyumba mara chache zaidi, japo sheria ya kuzuia ubaguzi ipo tangu mwaka 2006. Kwa hiyo asitokee mtu akaniambia karatasi haina macho.

Lakini karatasi ile ina upande wa pili, na huo ndio ninaoutamani. Dhamana ya fedha haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za maji na joto. Mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3. Mwenye nyumba haruhusiwi kuichanganya na fedha zake. Dalali naye, tangu Juni 2015, hulipwa na yule aliyemwita kazini, ambaye mara nyingi ni mwenye nyumba. Kuta zikipata ukungu kwa kosa la jengo, mpangaji anaweza kupunguza kodi kisheria. Wenye nyumba nao hujitetea kwamba mpangaji hakufungua madirisha, na kesi za hewa ya chumbani hufika kweli mahakamani. Hapo pana chama cha wapangaji, Deutscher Mieterbund, cha kukuelekeza. Karatasi inambana mgeni, kisha inamgeukia mwenyeji.

Sasa turudi Tukuyu. Chumba hutafutwa kwa kuuliza dukani, kwa bodaboda, kanisani, kwa mfanyakazi mwenzako. Ukimkuta mama mwenye nyumba unamwamkia "Mugonile," unakaribishwa kiti, mnazungumza habari za ulikotoka, na kwa robo saa unadhani umerudi kwenye ulimwengu wa kina Wilson. Kisha inatajwa kodi: miezi sita, yote mbele. Ukipitia kwa dalali, na yeye anataka ya mwezi mmoja. Mkataba, ukiwepo, ni ukurasa uliotolewa fotokopi, wenye masharti kumi ya mpangaji na moja la mwenye nyumba, nalo ni haki yake ya kukuondoa.

Anayetoka Dodoma au Singida hukagua chumba kwa macho ya nchi kavu. Anatazama soketi, kitasa, bomba. Hapa pa kutazama ni pembe za ukuta, nyuma ya kabati, na dari pale inapokutana na ukuta wa upande wa mvua. Ukiingia Oktoba kila kitu kimekauka na rangi inanukia upya. Machi mvua kubwa ikianza, ukungu mweusi unapanda kutoka sakafuni, shati jeupe linaota madoa kabatini, na miezi yako sita imeshalipwa na kuliwa. Ukilalamika utaambiwa, tena kwa ukweli, kwamba Tukuyu ndivyo ilivyo.

Mwenye nyumba naye asionewe. Wengi ni walimu wastaafu, wajane, wakulima waliouza chai au ndizi wakasimamisha vyumba vitatu bila mkopo wa benki. Kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua mabati ya chumba cha nne. Kwa hesabu za kweli, mpangaji ndiye benki, na hakuna riba anayopata. Hata kodi ya jengo, tangu Agosti 2021, inakatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU. Anayenunua umeme ndiye anayeilipa, na mara nyingi anayenunua ni mpangaji. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi ya mbele kimeachwa kwa nguvu ya anayedai.

Kilichobaki cha dhamana ya wazee ni msiba tu. Mpangaji asiyekwenda msibani Tukuyu bado atasikia ubaridi wa watu. Lakini vyumba vipya vya kujitegemea, kila kimoja na choo chake na mlango wake wa nje, havina ukumbi wala baraza. Wapangaji wanne wa mama mmoja wanaweza kumaliza mwaka bila kujua kwamba kuta zao zote zina ukungu uleule.

Mwenye nyumba wa Rungwe, pokea miezi mitatu badala ya sita, toa risiti, na uandike kwenye mkataba nani atapaka ukuta rangi mvua ikiisha. Halmashauri ingeweza kuchapa mkataba mmoja wa mfano, kwa Kiswahili, ukapatikana kwa kila mwenyekiti wa kitongoji. Nawe mpangaji, gonga mlango wa jirani yako kabla ya Machi, kagueni kuta pamoja, na mkishindwana na mwenye nyumba, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo hapohapo Tukuyu.