Ziara ya Ibo, Mji Uliotulia



Wazee wameniomba niandike habari za safari yangu ya mwaka 2012 kwenda kisiwa cha Ibo, kaskazini ya Msumbiji. Mimi si mwanachuoni. Nimekubali kwa sababu watoto wetu huulizwa shuleni, "Nyinyi Wazanzibari wa Durban, asili yenu wapi?" nao hukosa la kujibu.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, manowari iitwayo Briton ilitia nanga hapa Durban ikiwa na watu 113 waliokombolewa baharini. Wengine wakafuatia hadi mwaka 1880, jumla yao ikapata mia tano na kitu. Wengi walikuwa Wamakua wa Msumbiji. Waliletwa kwa njia ya Zanzibar, basi wakaandikwa kwa jina la bandari. Wala hawakuachiwa kwenda watakako, bali walifungwa mkataba wa kazi wa miaka 5.

Ndiyo sababu nilitamani kuiona pwani ile. Kutoka Pemba ya Msumbiji nilikwenda kwa gari mpaka Tandanhangue, nikangoja maji yajae, kisha mashua ikapita katikati ya mikoko. Ibo ni mji wa kimya. Barabara zake ni pana na magari ni haba. Majumba ya mawe yenye nguzo kubwa yameanguka mapaa, na mizizi ya miti imeshika kuta. Penye lango la ngome, iliyojengwa na Wareno mwaka 1791 kwa umbo la nyota, nilikuta masonara wakifua fedha.

Majumba yale yalijengwa kwa mali, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa watu. Mwaka 1836 Ureno ilipiga marufuku kusafirisha watumwa, lakini biashara haikukoma, ila ilijificha. Majahazi yalipakia kwenye vijito vya mikoko, kama vile nilivyopita mimi. Baadaye makao ya utawala yalihamishiwa Pemba, iliyoitwa Porto Amélia, kwa kuwa bandari yake ina kina. Ibo ikabaki na utulivu wake.

Mzee mmoja aliyeketi barazani alinikaribisha. Yeye kwa Kimwani, mimi kwa Kiswahili, tulielewana. Nilipomweleza habari zetu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, hapa wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa tunasali safu moja. Nyinyi mlikuwa hamjahesabiwa tu." Neno hilo sijalisahau.

Wengine kwetu husema tuliache jina la Wazanzibari, maana si la kweli. Mimi naona tulitunze, ila tulieleze. Serikali ya ubaguzi ilituandika Waasia wa namna nyingine, na jina hilo likatuepusha na sheria za pasi zilizowatesa jirani zetu Waafrika. Hata hivyo halikutuepusha na kuhamishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulitolewa Kings Rest, kule Bluff, tukapelekwa Chatsworth. Basi jina lilitusitiri, lakini pia lilitufanya tuone haya kusema kwamba sisi ni Wamakua.

Tangu nirudi, Ibo imepata misiba. Vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Oktoba 2017, viliwafukuza watu wengi makwao, na baadhi wakakimbilia kisiwani. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikabomoa nyumba nyingi. Sijui kama ile baraza ingalipo.

Nawasihi, kila nyumba iandike majina ya wazee wake na maneno ya Kimakua wanayoyakumbuka, iyalete kwa kamati kabla ya kitabu cha mwaka ujao. Wazee wanaokijua Kimakua wanapungua kila mwaka. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.