Ranchi za Talaka katika Jangwa la Nevada

Ranchi ya wageni ni shamba la mifugo ambalo mwenyewe hupokea wasafiri kwa malipo, akawapa chumba, chakula cha pamoja na farasi wa kupanda. Desturi hiyo ilichipuka magharibi mwa Marekani katika miaka ya 1880, pale ndugu wa ukoo wa Eaton, wafugaji wa Dakota, walipoona kuwa marafiki waliomiminika kwao kutoka miji ya mashariki walikuwa tayari kuyalipia malazi yao. Baridi kali ya 1886 hadi 1887 ilipoua ng'ombe wengi mno wa nyanda hizo, fedha za wageni zikazidi kuthaminiwa.

Katika jimbo kame la Nevada, hata hivyo, desturi hiyo ilipata sura ya pekee, na chanzo chake kilikuwa sheria. Mahakama za Nevada ziliweza kuvunja ndoa ya yeyote aliyekuwa mkazi wa jimbo, na muda wa kuhesabiwa mkazi ulipunguzwa kutoka miezi 6 hadi 3 mwaka 1927, kisha hadi wiki 6 mwaka 1931, wakati mdororo wa uchumi ulipokuwa umelibana jimbo. New York, kwa upande wake, iliendelea hadi miaka ya 1960 kudai uthibitisho wa uzinzi, kwa hiyo waliokuwa na uwezo walipanda treni hadi Reno, mji wa Nevada, wakaenda kungoja katika ranchi za jangwani. Msomaji anayeijua eda, yaani muda anaokaa mwanamke baada ya kuachwa, atatambua kuwa hapa kungoja kulitangulia talaka.

Wengi wa waliongoja walikuwa wanawake, na siku 42 ni nyingi kwa mtu aliyetengwa na nyumba yake. Ndipo farasi walipopata kazi yao ya kweli: asubuhi mtunza farasi aliwatandika, akawaongoza wageni katikati ya vichaka vya jangwa, na mtu ambaye hakuwahi kushika hatamu akajifunza kumtawala mnyama katika majuma yale yale ambayo maisha yake yalikuwa mikononi mwa mawakili. Mwenye ranchi naye alikuwa zaidi ya mwenyeji, kwa kuwa mahakama ilitaka shahidi wa kuapa kwamba mlalamikaji alikuwepo jimboni muda wote huo, na aliyemwona mezani kila siku ndiye aliyefaa kuapa. Ukarimu wa jangwani ukawa hivyo sehemu ya ushahidi, jambo ambalo wanahistoria wa sheria wangepaswa kulitilia maanani zaidi.

Mwaka 1956 mwandishi Arthur Miller alikaa kando ya Pyramid Lake, ziwa lililomo katika ardhi iliyotengewa Wapaiute, wenyeji wa asili wa Nevada, akingoja talaka yake. Huko alikutana na wanaume waliokamata farasi wa mwituni ili wauzwe kuwa nyama ya kulisha wanyama wa kufugwa, na kutokana nao akatunga hadithi iliyozaa filamu ya The Misfits ya 1961. Unyonge wa farasi hao, karibu kabisa na zizi la wale waliotunzwa kwa ajili ya wageni, ni upande wa historia hii usiostahili kusahauliwa.

New York ililegeza sheria yake mwaka 1966, na kuanzia 1970 wanandoa wa California waliweza kuachana bila kuthibitisha kosa la yeyote, wala kumtafuta mfugaji wa kuapa kwamba aliwaona jangwani kila siku kwa wiki 6.