Mwanamisitu: Jina la Kazi na Wanawake wa Gusii

Mtu aliyesomea utunzaji wa misitu na kuufanya kazi yake ana majina kadhaa katika Kiswahili, na hakuna hata moja lililokubalika kote. Katika mazungumzo ya Wakenya huitwa foresta, katika nyaraka za ofisi ni afisa wa misitu, na nchini Tanzania huitwa bwana misitu, jina lililofuata mfano wa bwana shamba na ambalo lilizaa bibi misitu wanawake walipoingia katika kazi hiyo. Makala haya yanatetea istilahi ya mwanamisitu, na yanaipima kwa hali ya Kisii na Nyamira, kaunti mbili za Gusii nchini Kenya, ambako majina hayo ya awali huwaacha nje watu wengi walioifanya kazi yenyewe.

Bwana misitu ni jina lenye mizigo miwili, yaani jinsia na serikali. Idara ya Misitu ya Kenya iliundwa mwaka 1902, chini ya utawala wa Kiingereza, na msitu iliokusudiwa kuulinda ulikuwa hifadhi, maana yake eneo lililopimwa, likawekewa mipaka na kutangazwa rasmi. Chuo cha Londiani kilichofunguliwa mwaka 1957 kiliwaandaa watumishi wa hifadhi hizo, na Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984 kilihamishiwa idara ya misitu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni historia ya kuheshimika, lakini haielezi sana mambo ya Gusii. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii pekee, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, na msitu wa serikali kama ule wa Nyangweta, Mugirango Kusini, ni kitu cha nadra. Miti ya huko imo mashambani: mikaratusi inayouzwa kwa ujenzi na kwa tanuri za viwanda vya majani chai, migrevilea iliyopangwa mpakani, na ile ya asili ambayo Abagusii huiita omosocho na omotembe. Hiyo ndiyo misitu ya shambani, yaani miti inayopandwa na kutunzwa na mkulima ndani ya ardhi yake, na kanuni za kilimo za mwaka 2009 zilimtaka kila mwenye shamba aifikishe angalau asilimia 10 ya eneo lake, sharti ambalo ni zito kwa familia iliyokwisha kuligawa shamba lake kwa wana kizazi baada ya kizazi.

Swali la nani hasa huitunza misitu hiyo lilijitokeza wazi katika miaka ya 1980, pale mradi wa kitaifa wa kustawisha kuni ulipoanza Kakamega na baadaye kuenea hadi Kisii. Watafiti wa mradi walikuta kwamba kuni hazikuwa zimekwisha mashambani kama ilivyodhaniwa. Miti ilikuwepo, ila ilikuwa mali ya mwanamume, aliyeihifadhi kwa mbao na fedha, ilhali kutafuta kuni kulikuwa jukumu la mwanamke. Huko Kakamega ilisemwa hata kwamba mwanamke akipanda mti atakuwa tasa au atafiwa na mumewe, na si vigumu kuona masilahi yaliyojificha nyuma ya mwiko huo, kwa kuwa kupanda mti wa kudumu ni namna ya kudai ardhi. Mradi haukubishana na mwiko. Ulihimiza vichaka vinavyokua upesi, kama kaliandra na sesbania, ambavyo havikuhesabiwa kuwa miti na kwa hiyo viliweza kupandwa na mwanamke bila lawama. Vikampa kuni, na kaliandra ikawa pia lishe ya ng'ombe.

Katika muongo uliotangulia, mwaka 1977, Wangari Maathai alikuwa ameanzisha vuguvugu la upandaji miti la Green Belt Movement, na mafundisho ya wataalamu wa serikali yalipoonekana kuwa magumu kupita kiasi, wanawake wa vijijini walijiotesha miche wenyewe, wengine katika vyungu vilivyovunjika. Maathai aliwahesabu kuwa wataalamu wa misitu wasio na stashahada. Kipimo chao kilikuwa mche uliopona, kwa sababu malipo madogo waliyopewa yalihesabiwa kwa miche iliyoshika ardhini. Nchini Marekani kuna chama cha heshima cha wanafunzi wa misitu, Xi Sigma Pi, kilichoanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Washington, na mlango wake ni alama za masomo. Vipimo hivyo viwili havipingani, ila lugha inayojua kimoja tu itakuwa na upungufu.

Kiambishi mwana- hakibagui jinsia, kama waonyeshavyo mwanasheria na mwanamaji, na hakimfungi mtu kwa mwajiri. Ni kweli kwamba wenzake wengi, kama mwanasayansi, hudokeza elimu ya darasani, lakini mwanakijiji hakuhitaji cheti ili apate jina lake. Jina la afisa wa misitu libaki kuwa cheo cha mtumishi wa umma, na misitu ya shambani ipewe wanamisitu wake, wakiwemo waliohitimu Londiani na wale wanaootesha miche kando ya vijito vya Nyamira. Kamusi ikitaka kuwatofautisha, neno moja la nyongeza linatosha: mwanamisitu mhitimu, mwanamisitu mkulima.