Mfalme, meza na kidole gumba: historia kama ilivyochorwa na Carl Bloch

Katika kumbukumbu ya Wadane, Mfalme Christian II ni mzee mwenye ndevu aliyefungiwa chumbani, anayeizunguka meza siku nenda siku rudi huku kidole gumba kikipita ukingoni mwake, hata ubao ukalika na kubaki na mfereji. Wanahistoria huihesabu habari hiyo kuwa ngano. Yale wanayoyajua kwa hakika yanatosha kusisimua hata bila meza. Christian alitawala Denmark, Norway na Sweden. Novemba 1520 aliwaua makumi ya wakuu wa Sweden mjini Stockholm baada ya kuwaahidi msamaha, 1523 akapinduliwa, 1532 akarudi kufanya mazungumzo kwa ahadi ya usalama, na safari hii yeye ndiye aliyevunjiwa ahadi. Akawekwa kifungoni katika Kasri la Sønderborg hadi 1549, kisha akahamishiwa Kalundborg, alikofariki 1559. Alikuwa mfungwa, ila mfungwa wa hadhi ya kifalme, na huko Kalundborg masharti yalilegezwa. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili la kidole gumba lilikuwa midomoni mwa watu zamani. Lilikuja kupata mwili mwaka 1871, pale Carl Bloch alipolitia kwenye turubai kwa rangi za mafuta. Hoja ya makala haya ni kwamba Bloch, mmoja wa wachoraji wakubwa wa historia waliowahi kutoka Denmark, anasomwa vibaya na kila anayemchukulia kuwa shahidi wa enzi alizozichora. Picha zake ni ushahidi, tena mzito, lakini ni ushahidi wa Denmark ya miaka ya 1860 na 1870.

Alizaliwa Copenhagen tarehe 23 Mei 1834, na wazazi wake walimtakia uofisa wa jeshi la majini. Badala yake aliingia Chuo cha Kifalme cha Sanaa, akafundishwa na Wilhelm Marstrand. Vyuo vya Ulaya vya wakati huo viliipanga sanaa kwa ngazi: chini kabisa matunda na vyombo vya mezani, juu yake mandhari, kisha sura za watu, na kileleni picha ya historia. Katika kapu hilo la historia viliingia vita na wafalme, Biblia nzima, na visasili vya Wagiriki na Warumi, mradi tu tukio liwe kubwa na wahusika wake wawe na uzito. Kijana aliyetaka jina hakuwa na njia nyingine ila kupanda. Bloch alianza na wavuvi na wakulima wa kwao. Mwaka 1859 alikwenda Italia, ambako makazi yake yalikuwa hadi 1866, na ni huko Roma alikoukaribia ule upeo: 1863 alimchora Samsoni kipofu, mtumwa wa Wafilisti, akisukuma kinu.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa maafa kwa nchi yake. Tarehe 18 Aprili 1864 jeshi la Prussia liliziteka ngome za Dybbøl. Mwishoni mwa Juni likavuka maji na kukitwaa kisiwa cha Als. Na kwa mkataba wa Vienna wa tarehe 30 Oktoba, Denmark ikaachia Schleswig, Holstein na Lauenburg kwa Prussia na Austria. Bloch wakati huo alikuwa Roma, akimalizia turubai kubwa iliyoagizwa na George I, mwanamfalme wa Denmark aliyekuwa amefanywa mfalme wa Wagiriki mwaka mmoja kabla. Kisa chake ni cha Prometheus, aliyewaibia miungu moto akawapa wanadamu, akafungwa mwambani na kuliwa ini na tai kila siku, mpaka Herakles alipomuua tai huyo na kumfungua. Picha ilipoonyeshwa Copenhagen mwaka 1865, watu walimiminika. Ndani yake tai ameshindwa na mfungwa anafunguliwa, na nembo za Prussia na Austria zote mbili zilikuwa na tai. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Baadaye turubai lilikwenda Ugiriki na kupotea machoni pa umma kwa zaidi ya miaka mia moja, likaja kuibuka tena huko katika karne hii. Kisa hiki ni kielelezo safi cha ninachokisema, kwa sababu hakuna anayeweza kumdai Prometheus hati au shahidi. Maana yote ya picha ile ilitoka kwenye kidonda cha watazamaji.

Turudi basi kwa mfalme na meza yake, maana hapo ndipo jambo linapokolea. Sønderborg iko Als. Bloch alipomchora Christian II mwaka 1871, ngome ile haikuwa tena ya Denmark. Ilikuwa imekaa miaka saba mikononi mwa Prussia, na mnamo Januari ya mwaka huohuo mfalme wa Prussia alikuwa ametangazwa kaizari wa Ujerumani yote. Ingebaki hivyo hadi 1920, wakazi wa kaskazini mwa Schleswig walipopiga kura kurudi Denmark. Mtazamaji wa Copenhagen aliyesimama mbele ya turubai lile alikuwa akimtazama mfalme wake aliyefungwa, ndani ya jengo ambalo nalo lilikuwa limefungwa. Na tazama mchoraji alichochagua katika maisha yale marefu yenye damu nyingi. Hakuyachora mauaji ya Stockholm, ambayo yangemfanya Christian awe jitu la kuogopwa. Hakuchora kupinduliwa kwake. Alichagua uzee, kichwa kilichoinama, mkono uliozoea mbao, yaani kila kinachomfanya mtawala mkatili astahili huruma. Denmark ya 1871 haikuwa na haja ya kukumbushwa jinsi mfalme wake alivyowachinja Waswidi. Ilikuwa ikijifunza kuishi ikiwa ndogo, na ilitaka picha ya ukuu uliobanwa chumbani.

Mtu anaweza kupinga: ngano ilikuwepo kabla ya Bloch, naye alichora tu yale ambayo kila mtoto alisimuliwa, kumpachika siasa za 1864 ni kumwekea maneno kinywani. Pingamizi hili lina nguvu kama ningedai kwamba Bloch alikusudia fumbo la kisiasa. Sidai hivyo, na hoja haihitaji nia yake. Ngano inaposimuliwa kwa mdomo kila msikilizaji hujichorea meza yake, na kesho msimulizi mwingine aweza kuibadilisha ikawa fimbo au ukuta. Ikishachorwa na mkono hodari, mlango wa kubadilisha unafungwa. Bloch aliupa ukingo wa meza uhalisi uleule alioupa uso: punje za mbao, mikunjo ya nguo, mwanga unaotoka upande mmoja kama aliojifunza kwa Rembrandt. Akili ya mtazamaji hukiri vile vidogo, kwa kuwa anavijua nyumbani kwake, kisha bila kushtuka hukiri na kile kikubwa. Ndiyo sababu msomi anayeeleza kwa subira kwamba kifungo hakikuwa hivyo hupata shida kuaminiwa. Yeye ana karatasi, na mpinzani wake ana turubai.

Pingamizi la pili ni la kifedha, nalo husemwa kwa dharau kidogo: kazi kubwa kuliko zote ya Bloch ililipiwa na mpika bia. Ni kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Desemba 1859, Kasri la Frederiksborg lililojengwa na Christian IV liliteketea, pamoja na picha zilizokuwa katika chumba cha sala cha mfalme, ndani ya kanisa la kasri. J. C. Jacobsen, aliyeanzisha kiwanda cha Carlsberg mwaka 1847, akachukua jukumu la kukirudisha chumba hicho, na Bloch akapewa kazi ya picha 23 za maisha ya Yesu, tangu malaika kumpasha habari Mariamu hadi kupaa. Alizifanya kati ya 1865 na 1879, miaka 14 ya umri wake bora. Lakini agizo halimfanyi mchoraji awe karani wa tajiri. Kwa hoja yangu, linaongeza thamani ya ushahidi. Jacobsen huyohuyo ndiye aliyeanzisha, mwaka 1878, makumbusho ya historia ya taifa ndani ya kasri lilelile. Mfuko mmoja, jengo moja: chini ya paa hilo Injili na habari za wafalme zikawekwa pamoja, wakati taifa lililopigwa lilipokuwa likitafuta la kushika. Atakayezitazama picha zile 23 kama maelezo ya Palestina ya karne ya kwanza atapata nguzo za marumaru, joho za hariri na mwanga alioupenda Bloch kule Italia. Atakayezitazama kama maelezo ya Denmark iliyoshindwa vitani atapata mengi zaidi.

Kuhusu ubora, wakosoaji hawakumwonea kila mahali. Mnamo Novemba 1871, mwaka wa picha ya mfalme, mhakiki wa fasihi Georg Brandes alianza mihadhara yake Copenhagen akitaka fasihi iyaweke matatizo ya wakati wake mezani yajadiliwe. Wachoraji vijana walisikia wito huohuo kwa njia yao: walikwenda Paris, wakatoka nje na turubai zao, wakaenda Skagen kuchora wavuvi na mwanga wa pwani. Kwao Bloch alikuwa jukwaa la maigizo, na kwa kweli mikono ya watu wake huinuka mno, macho hutazama mbingu kwa urahisi mno. Katika picha za bamba la shaba alizozichapa baadaye kwa wino mweusi kuna utulivu ambao turubai zake nyingi hazina. Alipofariki tarehe 22 Februari 1890, miaka minne baada ya mkewe Alma aliyemwachia watoto wanane, upepo wa sanaa ya Denmark ulikuwa umeshageuka, na kwa muda mrefu makumbusho yalimweka pembeni. Hata hivyo, kusema kwamba alikuwa wa maigizo hakuhitimishi shauri. Jukwaa ndilo chombo chake cha kushawishi, kama wakili alivyo na sauti.

Urithi wake ulikwenda kuishi kwingine. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake Utah, Marekani, kwa miongo mingi limezichapa picha zake katika majarida, vitabu vya mafundisho na kuta za nyumba zake za ibada. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Brigham Young, kilicho chini ya kanisa hilo, kilinunua picha yake ya 1883 ya Yesu akimponya mgonjwa penye birika la Bethesda, na kuanzia Novemba 2010 hadi Mei 2011 jumba lake la sanaa likaonyesha hadi picha za madhabahuni zilizoazimwa kutoka makanisa ya Denmark na Sweden. Kanisa hilo lina waumini Kenya, Tanzania na Kongo, na Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000. Kwa njia hiyo sura iliyobuniwa kwa ajili ya chumba cha sala cha mfalme mmoja wa kaskazini imefika machoni pa watu ambao hawajawahi kusikia jina la Bloch.

Hapa muumini atapinga, na pingamizi lake ndilo gumu zaidi. Atasema picha ya ibada haidai kuwa ripoti. Hakuna anayepiga magoti akidhani Yesu alikuwa na ndevu zile hasa. Kama dai la imani, nalikubali lote. Lakini picha haifanyi kazi kwenye madai peke yake. Mtoto aliyemwona Yesu wa Bloch kila Jumapili hatahitaji kudai chochote. Akisikia jina, sura ile ndiyo itakayokuja, rangi ya ngozi na yote, kama meza inavyomjia Mdane akimsikia Christian II. Wachoraji wa Ethiopia walimchora Kristo kwa sura za kwao karne nyingi kabla ya Bloch kuzaliwa, na hakuna kigezo cha kihistoria kinachompa Mdane haki ya kwanza. Kilichompa nafasi ni matbaa, fedha na mtandao wa taasisi. Mchapishaji anayeitoa picha ile bila jina la mchoraji wala mwaka ameondoa sehemu pekee ya habari ambayo msomaji asingeweza kuipata kwa kutazama: kwamba ilifanywa kati ya 1865 na 1879, kwa ajili ya Frederiksborg, kwa fedha za Jacobsen, katika nchi iliyotoka kupoteza vita. Mistari miwili chini ya picha ingetosha, na haipunguzi sala ya mtu yeyote.