Idara ya Usalama wa Taifa na Suala la Uhuru wa Kisiasa: Mfano wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Mjadala kuhusu uhuru wa kisiasa wa Idara ya Usalama wa Taifa nchini Tanzania aghalabu hujikita katika uteuzi wa Mkurugenzi Mkuu na mwenendo wa uchaguzi mkuu. Historia ya Kibiti na delta ya Rufiji inabainisha upande mwingine wa suala hilo: taarifa za usalama huanzia kijijini, na mwananchi humpa taarifa yule tu anayemwamini.

Katika mfumo wa chama kimoja, uliowekwa kisheria mwaka 1965, mpaka baina ya chama na dola ulififia. Balozi wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa TANU, na baadaye wa CCM; lakini pia alisuluhisha migogoro, alitambua wageni na kupeleka habari ngazi za juu. Operesheni Rufiji, iliyowahamisha wakazi wa bonde la mto baada ya mafuriko ya 1968, iliwasogeza watu karibu zaidi na mfumo huo.

Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, Idara haikuwa na sheria yake mahususi. Sheria ya 1996 iliizuia kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki maandamano au upinzani halali. Hata hivyo, ngazi za chini hazikubadilika sana. Mwenyekiti wa kijiji alichaguliwa kwa tiketi ya chama. Mkuu wa wilaya, mteule wa Rais, aliongoza kamati ya usalama ya wilaya huku akiwa mjumbe wa kamati ya siasa ya CCM.

Mauaji yaliyotokea Kibiti, Rufiji na Mkuranga kati ya 2015 na 2017 yaliupiga mfumo huo mahali penyewe. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na viongozi wa CCM. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa. Mwananchi alibanwa pande mbili: akisema, aliwaogopa wauaji, akinyamaza, alishukiwa. Serikali iliunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji na kuzuia pikipiki usiku. Mnamo Novemba 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti, na hatima yake haijawekwa wazi. Woga wa kusema ukazidi.

Marekebisho ya sheria ya 2023 yaliiweka Idara chini ya Rais moja kwa moja na kuongeza kinga kwa watumishi wake. Hoja ya kwamba hatari huhitaji amri ya haraka ina uzito wake. Lakini amri haizai taarifa. Mvuvi wa delta aliye mfuasi wa upinzani atasema alichokiona pale tu atakapoamini kwamba neno lake litaifikia dola bila kupitia ofisi ya chama. Kwa hiyo uhuru wa Idara ni sharti la usalama wenyewe.