Mwarabu wa Sanamu na Mwislamu wa Kasongo: Taswira za Kikoloni na Utambulisho Uliotengwa Kusini mwa Maniema

Waislamu wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ni Wakongomani. Wengi wao ni wajukuu wa Wakusu, Wazimba na Wabangubangu waliosilimu tangu misafara ya Waswahili na Waarabu ilipovuka Tanganyika na kufika Lualaba katika karne ya 19. Hata hivyo, kwa muda mrefu wamechorwa kama wageni katika nchi ya mababu zao. Makala haya yanatetea hoja kwamba ugeni huo ulitengenezwa. Vitabu, sanamu na maonyesho ya Ubelgiji vilitangulia, kisha utawala wa kikoloni ukaifanya picha hiyo kuwa utaratibu wa maisha.

Saikolojia ya jamii inatupa zana mbili za kulichambua suala hili. Mwaka 1961 Serge Moscovici alieleza kwamba jamii hulimudu jambo geni kwa kulitia nanga katika jambo inalolijua, kisha kulipa umbo linaloonekana kwa macho. Henri Tajfel na John Turner wakaongeza, mwaka 1979, kwamba mtu hujipima kwa hadhi ya kundi lake. Kundi likidunishwa, walio ndani yake hulihama, hulitafutia maana mpya, au husimama kulishindania.

Nanga ilitiwa mwaka 1888, pale Kardinali Lavigerie alipozunguka Ulaya akihubiri vita dhidi ya utumwa. Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 ukafuata. Kwa hiyo, vita vilipozuka Maniema mwaka 1892 kati ya Dola Huru la Kongo, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, msomaji wa Ulaya alikuwa ameshaandaliwa kuviona kama vita vya Msalaba. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka huohuo, na Kabambare Januari 1894. Kilichofichwa ni kwamba mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili alikuwa amemteua mmoja wa wafanyabiashara hao, Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, kuwa liwali wake wa Stanley Falls. Washirika wa jana waligeuzwa maadui wa ustaarabu mara tu mali ya pembe za ndovu ilipogombewa.

Umbo nalo likachongwa. Sanamu ya Charles Samuel ya mwaka 1897 inamwonyesha Mkusu akimkinga mwanamke dhidi ya Mwarabu. Mnara wa Thomas Vinçotte, uliozinduliwa Brussels mwaka 1921, una maandishi yanayosifu askari wa Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Katika mawe haya mhalifu ni wa nje, mwathirika hana msaada, na mwokozi ni Mzungu.

Historia haikuwa hivyo. Jemadari Mkongomani Gongo Lutete alimpigania Tippu Tip kwa miaka mingi, na mwaka 1892 akahamia upande wa Dhanis, kamanda wa majeshi ya Leopold, pamoja na jeshi lake kubwa. Ushindi wa Dola Huru la Kongo ulitegemea watu wake, na bado maofisa wa dola hilohilo walimuua huko Ngandu mwezi Septemba 1893. Wakongomani walikuwa pande zote mbili za vita. Mkusu wa sanamu, aliyesimama upande mmoja tu, hakuwahi kuwepo.

Picha ingeweza kubaki Ubelgiji, lakini ilirudi Maniema ikiwa utawala. Wenyeji Waislamu waliwekwa katika fungu lao, wakaitwa kwa Kifaransa "arabisés", yaani waliofanywa Waarabu, na dini yao ikatazamwa kwa shaka. Wamisionari wa Kikatoliki walioitwa Mapadri Weupe walifika Kasongo mwaka 1903, na hadi 1954 elimu ya Waafrika ilikuwa karibu yote mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua: mtoto asome, au abaki katika imani ya nyumbani. Waliochagua imani waliukuta uhuru wa 1960 bila vyeti, na bila vyeti hakukuwa na kazi serikalini. Hivyo ndivyo picha inavyojithibitisha: huwafungia watu mlango, kisha huwalaumu kwa kubaki nje.

Patakuwa na pingamizi la haki kwamba utumwa ulikuwepo. Naam, ulikuwepo. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alishuhudia mauaji katika soko la Nyangwe, ambako watu wa wafanyabiashara waliwamiminia risasi wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Tippu Tip mwenyewe, katika tawasifu yake ya Kiswahili, anavisimulia vita vyake bila kuona haya. Kuigeuza picha, kumtukuza aliyelaaniwa, hakutatuponya. Wengi walioitwa waungwana, yaani watu huru na wastaarabu, walikuwa mateka waliochukuliwa na misafara, wakabebeshwa bunduki, wakapanda daraja. Katika mtaa mmoja wa Kasongo huishi wajukuu wa walioteka na wajukuu wa waliotekwa, na mara nyingine ni mtu huyohuyo mmoja. Chini yao wapo Watwa, wakazi wa asili wa misitu, ambao haki zao zilipata sheria mahususi ya taifa mwaka 2022 tu. Utafiti unaorudisha fahari ya waungwana na kuwaacha Watwa kimya utakuwa umehamisha dhuluma.

Njia bora imeshaanza kuonekana. Noemie Arazi na wenzake, katika makala waliyochapisha mwaka 2020 kwenye jarida la Antiquity, waliunganisha akiolojia ya Maniema na kumbukumbu za wakazi wake wa leo. Saikolojia ya jamii ifuate mfano huo. Ihoji kwa Kiswahili cha Maniema, ikae na familia za Kiislamu, za Kikristo na za Watwa, iwasikilize wanawake mbali na wazee wa mtaa, kisha matokeo yasomwe Kasongo na Kabambare kabla hayajasomwa kwingine. Waandishi wa habari nao wana wajibu huo: wataje waliotenda uovu kwa majina na tarehe, wasiitwike dini wala wajukuu uovu huo. Waislamu wa Maniema hawaombi historia ipakwe chokaa. Wanastahili kuhesabiwa kuwa wenyeji, na sisi watafiti tuna deni la kuliandika hilo waziwazi.