Maziwa ya Karagwe na Unene wa Mwili

Mtu akirudi kwao baada ya kukaa mbali muda mrefu, jamaa zake humtazama mwili kabla hawajamwuliza habari. Wakimwona amenenepa hufurahi, na kusema kwamba huko atokako mambo ni mema. Wakimwona amekonda hushusha sauti, na mama yake huenda jikoni pasipo kusema neno. Sote twaijua desturi hii ya kuusoma mwili kama barua. Walakini ina historia yake, na sehemu moja ya historia hiyo ilitukia nchi ya Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria.

Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, waliingia Karagwe katika safari yao ya kutafuta chanzo cha mto Naili. Mfalme wa nchi siku hizo alikuwa Rumanyika, wa ukoo wa Wahinda, naye aliwapokea kwa ukarimu mwingi. Huko nyuma, walipokuwa Tabora, Speke alikuwa ameambiwa na Musa, mfanyabiashara wa Kihindi, kwamba wake za mfalme na za wakubwa wa Karagwe hunenepeshwa hata wasiweze kusimama. Akataka kuhakikisha kwa macho yake. Alipokwenda kumwamkia kaka yake mfalme, akamkuta ameketi na mkewe, na mbele yao vimewekwa vyombo vingi vya mti vya maziwa. Akauliza, vyombo hivi vyote ni vya nini? Mwenye nyumba akamwonyesha mkewe, akajibu kwamba unene ule ndiyo kazi ya vyombo vile: tangu utoto huwekwa vinywani mwao, maana barazani kwa mfalme ndiyo desturi kuwa na wake wanene.

Baadaye Speke alimwendea bibi mwingine, shemeji yake mfalme, ambaye hakuweza kwenda ila kwa kutambaa. Akaomba ampime. Ili bibi akubali, aliahidi kumwonyesha mikono na miguu yake mwenyewe iliyo wazi, kitu ambacho huko kilikuwa kioja kikubwa kuliko unene wowote. Basi wakatazamana, kisha Speke akaandika: mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7, shavu la mguu futi 1 na inchi 8. Mbele yao alikuwa binti wa bibi huyo, msichana wa miaka 16, akinywa maziwa chomboni, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Wengi wasomao habari hii hucheka. Mimi naona yafaa kwanza tuhesabu. Ng'ombe wa nchi zile, wenye pembe ndefu, hatoi maziwa mengi, na ndama hana budi kupata fungu lake. Kumshibisha mwanamke mmoja kwa maziwa mchana na usiku, mwaka hata mwaka, kulihitaji kundi kubwa la ng'ombe, na wachungaji wa kulichunga, na watu wengine wa kulima, kuchota maji na kukata kuni, kwa kuwa yeye hakuweza kufanya hata moja katika hayo. Kwa hiyo mgeni aliyeingia nyumba ile hakuwa na haja ya kwenda zizini kuhesabu. Mali ya mume ilikuwa imeketi mbele yake. Wakulima wa Karagwe, waliokula ndizi na kushika jembe, hawakuwa na wake wa namna hiyo, wangewapataje?

Hayo yaeleza desturi, lakini hayaiondoi ile fimbo. Mimi ni mwalimu, nami najua jinsi fimbo inavyosema mkononi mwa mkubwa hata kabla haijainuliwa. Sifa ilikuwa ya baba, na tumbo lilikuwa la mtoto.

Wala tusidhani kwamba huko alikotoka Speke watu walikuwa na amani na miili yao. Mwaka 1863, mwaka uleule kilipochapwa kitabu chake cha safari, mzee mmoja wa London jina lake William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi, alitoa kijitabu juu ya unene wake mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1862 alikuwa na uzito wa ratili 202, naye ni mtu mfupi. Hakuweza kuinama afunge viatu, na ngazi alishuka kinyumenyume. Zaidi ya hayo yalimchoma maneno ya dhihaka ya watu wasiomjua, barabarani na garini. Daktari aliyemwendea kwa ajili ya masikio yaliyokuwa yakiziba alimkataza mkate, siagi, sukari, bia, viazi na, kumbe, maziwa! Kwa muda wa yapata mwaka mmoja akapungua ratili 46. Kijitabu chake kilisomwa sana, hata jina lake likageuka kuwa neno la kujipunguza mwili. Waswidi walitumia hata leo.

Huko Karagwe hakuna daktari aliyekataza maziwa. Yalikatazwa na sotoka. Miaka ya mwanzo ya 1890 ugonjwa huo uliua ng'ombe wengi mno, na nyumba zilizojaa vyombo vya maziwa zikabaki na vyombo. Ndui na njaa zikafuata. Ng'ambo ya mpaka, Ankole, desturi ya kumnywesha bibi arusi maziwa ilidumu zaidi, lakini yale mambo aliyoyaona Speke hayakurudi jinsi yalivyokuwa. Sifa ya unene, hata hivyo, haikufa pamoja na ng'ombe.

Kisha ukaja msiba uliotia sifa hiyo nguvu mpya. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ambamo Karagwe imo, na Waganda jirani zao wakauita ugonjwa huo silimu, yaani wembamba, kwa jinsi ulivyowakausha watu. Tangu hapo kukonda hakukuwa tena dalili ya umaskini tu. Mtu aliyepungua alihesabiwa amekwisha kufa, hata kama alipunguzwa na malaria au na huzuni, na wengine walikimbiwa na wachumba kwa sababu ya mashavu tu.

Mama mmoja, jirani yangu, ana ugonjwa wa sukari. Aliambiwa hospitalini apunguze mwili, naye akatii: akaacha soda, akaacha chapati, akawa akienda shambani kwa miguu kila asubuhi. Mwezi wa nne nguo zake zikaanza kumpwaya. Siku hizi kabla ya kwenda sokoni hujifunga kanga mbili kiunoni, ndani ya gauni, ili watu wasimwone amepungua.